Mikono ya Wepukhulu, Mwosha Ndege

Watu wa Nairobi watawaambia kwamba waliomshinda Mtaliano kule Habeshi ni majenerali. Waacheni waseme. Mtaliano alishindwa na Eldoret, mji ule wazee wetu waliouita Sisibo, na anayebisha alete mashahidi wake. Na hapo Eldoret penyewe, kazi nzito kuliko zote ilifanywa na mtu mmoja mwenye debe la maji, mche wa sabuni na chupa ya mafuta ya taa. Jina lake Nicanor Wepukhulu. Majenerali walivishwa nishani. Wepukhulu alipewa blanketi, tena lenye tundu la sigara.

Alikuwa Mbukusu wa upande wa Webuye. Alipanda huku juu mwaka wa 1934 kutafuta kazi, akaipata kwenye shamba la Kaburu mmoja, akawa anatembea nyuma ya ng'ombe wa plau mchana kutwa na kuzungumza nao. Mdomo alikuwa nao. Alioa Namalwa, binti wa Mzee Kituyi, mzee wa Kanisa la Marafiki kule Lugulu, kanisa ambalo mtu akishika hata rungu anaombewa. Mimba mbili za Namalwa ziliharibika. Ya tatu iliposhika, mwaka wa 1940, mumewe alianza kutembea polepole, utadhani mjamzito ni yeye.

Ndipo vita vikaja. Kila shamba likatakiwa kutoa watu wa kazi ya serikali, na yule Kaburu hakufikiri mara mbili. Alimtoa Wepukhulu na mdomo wake, ili yeye Kaburu apate kusikia ndege wa angani wakilia asubuhi.

Wakamtoa kwa ndege wa angani, wakampeleka kwa ndege za chuma. Uwanja ulikuwa nje ya mji, nyasi tupu na upepo, na miti ya miwati imejipanga pembeni. Siku ya kwanza sajini wa mafundi, Mzungu mwenye shingo nyekundu, aliwasimamisha mstari akauliza nani anajua kuosha motokaa. Wote walitazama vidole vya miguu. Wepukhulu akainua mkono.

"Mimi niliosha motokaa ya Askofu, Bwana. Miaka mitatu."

Alichokuwa ameosha maishani mwake ni ng'ombe. Lakini kazi akapata.

Msidhani ilikuwa kazi rahisi, ninyi mnaoosha gari kwa mpira wa maji huku redio inaimba. Vumbi linatoka kwa sabuni, oili inatoka kwa mafuta ya taa, na kioo kinataka kitambaa laini kama shavu la mtoto, kwa sababu mkwaruzo mdogo kwenye kioo, mtu wa bunduki anaweza kuuona huko juu akafikiri ni ndege ya adui, akamaliza risasi bure. Halafu kuna rejeta, ile ya kupoza injini. Ya ndege zile ilikuwa chini ya pua, mdomo wazi, ikimeza kila kitu kilicho mbele yake. Ukiisafisha kwa kijiti unakunja vibati vyake vyembamba, injini inachemka, watu wanakufa. Kwa hiyo ilisafishwa kwa vidole. Wepukhulu alilala chali kwenye gunia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kimoja kimoja.

Na vitu vilikuwemo. Ndege zile ziliruka chini mno. Sajini aliwaeleza kwa mikono: ukienda juu, Mtaliano ana ndege nyepesi za mbio, anakuona, anakuja kukupasua. Ukienda chini, karibu na ardhi, hakuoni mpaka umefika, na bomu lako halikosi. Ubaya wake ni kwamba ukiwa chini hata mpishi mwenye bunduki kuukuu anaweza kukupiga, na mti hauondoki njiani ukupishe. Mabomu yenyewe yalitegwa yachelewe kidogo kulipuka, ama sivyo yangemlipua aliyeyatupa. Hesabu hiyo ilikuwa ya sekunde chache, na waliokuwa wanaifanya walikuwa vijana ambao ndevu zao zilikuwa bado zinashauriana kama zitoke au zingoje.

Kila ndege ilibeba watu watatu. Wafanyakazi waliwapa majina yao wenyewe, maana ya kwao yalivunja meno. Katika ndege aliyoipenda Wepukhulu, rubani aliitwa Bwana Nyasi, kwa sababu hakuna aliyerudi na nyasi nyingi kama yeye. Mwenye ramani aliitwa Mrefu. Mtu wa bunduki nyuma, kichwa chekundu, aliitwa Pilipili. Wote walitoka Afrika Kusini. Bwana Nyasi alikuwa mtoto wa mkulima, na huenda ndiyo sababu alimwona mtu pale wengine walipoona debe na sabuni.

Kulikuwa na mchezo. Kila waliporudi, Wepukhulu alitandaza gunia akapanga alichokitoa kwenye rejeta na tumboni mwa ndege, halafu wale watatu walikuja kutazama na kubishana walikuwa chini kiasi gani.

"Nika! Leo iko nini sokoni?"

"Leo iko mwiba wa mgunga, Bwana, na huyu kwale. Nyama yake imeiva tayari."

"Ona!" Pilipili alimpiga Mrefu mgongoni. "Mgunga! Mimi nasema mgunga, wewe nasema futi hamsini!"

"Na hii ni nyasi ya paa la nyumba," Wepukhulu aliongeza. "Bwana, safari ijayo bisha hodi kwanza."

Walicheka. Siku hizo ungeweza kucheka, kwa sababu Habeshi ilikuwa mbali, ng'ambo ya Lodwar walikotua kujaza petroli, na kilichofika Eldoret kilikuwa miiba na manyoya.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa waliondoka alfajiri, ndege tatu. Pale Eldoret hewa ni nyepesi na ndege yenye mabomu inapanda kwa shida. Kila mara Wepukhulu aliona magurudumu yakipita juu ya miwati kwa kimo cha mtu, akajikuta amejiinua kwa vidole vya miguu kuwasaidia. Walirudi saa tisa mchana, wote. Bwana Nyasi alishuka akaenda zake bila kuuliza soko.

Wepukhulu akalala chali. Akaingiza mkono. Kilichokuja kwanza kilikuwa kitambaa cheupe cha pamba, upana wa kiganja, kimedariziwa kijani ukingoni. Kikavutika kwa shida. Kilipotoka kilikuwa kimezungushwa na nywele zilizosukwa, msuko mmoja, mrefu kama kidole, na mizizi yake ilikuwa imelowa.

Alikaa chini ya ndege muda mrefu. Jumapili iliyopita alikuwa ameketi mlangoni akimtazama jirani akimsuka Namalwa vilevile, mistari ya kwenda nyuma, ajifungue akiwa nadhifu.

Kimeli, Mnandi aliyejaza petroli, aliinama kuona kwa nini miguu ya mwenzake haitikisiki. Akaona. Akapiga mluzi mdogo.

"Hiyo si ya kwale, mzee."

"Naona."

"Weka chini."

"Nimeshashika."

"Kwa mkono gani?"

"Yote miwili."

Kimeli alichuchumaa. "Kwetu, mwanamume akirudi kutoka vitani na damu ya mtu, hashiki chakula chake mwenyewe, na mtoto hamshiki kabisa, mpaka wazee wamtoe hiyo kitu."

"Hata kwetu ni hivyo. Lakini mimi sikwenda vitani, Kimeli. Mimi naosha tu."

"Sasa hiyo damu itajuaje?"

Wakati huo wale watatu walikuwa wanakuja, Pilipili mbele. Wepukhulu alisokomeza kile kitu mfukoni, akatandaza gunia, akamwaga juu yake konzi ya majani.

"Leo iko nini?" aliuliza Pilipili.

"Nyasi tu, Bwana."

Bwana Nyasi hakutazama gunia. Alitazama mfuko, kisha mkono, kisha akageuka. Jioni hiyo Wepukhulu alikwenda kwenye miwati, chini ya ule uliopinda, akachimba kwa kijiko chake cha kulia, akazika. Kijiko akakiacha hukohuko.

Jumamosi, Elphas, jirani yake wa shambani aliyeleta maziwa kwenye jiko la uwanja, alimwita kutoka barabarani kabla hata mkokoteni haujasimama.

"Baba Nabwire! We! Baba Nabwire!"

"Unamwita nani?"

"Wewe, bwana! Msichana! Amezaliwa kukiwa bado giza, ndiyo maana ni Nabwire, mama yake mzima, na sauti amechukua yako, kambi nzima ya shambani haijalala!"

Siku ya pili, ruhusa ya Jumapili ilipofika, Wepukhulu alikimbia. Mwendo wa saa moja aliukata kwa nusu saa. Alipofika kijito cha mwisho kabla ya kambi ya wafanyakazi, akasimama. Alikuwa amebeba mafuta ya taa kwenye kichupa na kipande cha sabuni. Alinawa. Akasugua kwa mchanga. Akanawa tena mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, akainusa mikono, na kila aliponusa aliiona ile mizizi ya nywele.

Namalwa alikuwa amekaa kitandani, mtoto mapajani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda vita vyake bila ndege hata moja.

"Karibu, Baba Nabwire. Mshike."

"Mikono ina mafuta ya taa."

"Kanawe."

"Nimenawa."

"Basi mshike."

Alisimama mlangoni. Aliona kiguu kimetoka kwenye kitambaa, na kisigino chake chekundu. Akasema amechoka, akakaa nje kwenye gogo. Yeye ambaye alizungumza na ng'ombe.

Sasa mtauliza, kwa nini hakusema? Ni rahisi kuuliza mkiwa mmeshiba. Kutaja damu ya mtu mbele ya mzazi mchanga, ndani ya nyumba yenye kitoto, kwa Wepukhulu ilikuwa kama kuibeba ile damu na kuiweka kitandani. Na kama habari ingefika Lugulu, Mzee Kituyi, aliyemfundisha kwamba Yesu ameosha vyote, angeambiwa kwamba mkwewe anaosha ndege za mabomu siku sita, na siku ya saba anataka kuoshwa kwa kondoo kama watu wa zamani. Kila mlango alioutazama ulikuwa na aibu imesimama ndani. Kwa hiyo aliamua kungoja. Angeomba ruhusa ya siku nne, aende kwa wazee wa kwao, waitoe hiyo kitu, kisha aje ashike mtoto wake kama watu wengine. Siku nne tu.

Sajini alikataa. Vita havina siku nne.

Ndege zikaendelea kwenda na kurudi, rejeta zikaendelea kumeza, na vidole vya Wepukhulu vikaendelea kuingia. Hakupata tena kitu kama kile, lakini hakuweza kujua. Tope jekundu lililokauka linaweza kuwa tope. Kila Jumapili alikwenda, akakaa kwenye gogo. Alipasua kuni za wiki nzima, akachota maji, akatengeneza paa. Mtoto hakumgusa.

Mwezi wa kumi watu wa kambi walikusanyika kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto yule, baada ya zile mimba mbili. Waliimba vizuri. Mwishoni mama mmoja akasema, "Baba, mwinue tumwone!" Watu wakapiga makofi. Namalwa akamnyooshea mtoto, mbele ya wote.

Wepukhulu akaficha mikono nyuma. "Elphas, nisaidie. Mimi mikono yangu ni ya kazi."

Watu walicheka, wakidhani ni utani wake wa kawaida. Elphas akamwinua Nabwire juu, naye akalia kwa ile sauti. Namalwa hakucheka. Walipobaki wawili, alisema polepole, akikunja nguo za mtoto.

"Kama ni kwa sababu ni msichana, sema."

"Si hivyo."

"Kama unafikiri si wako, sema hilo pia. Nikiwa hapa. Usiwaachie watu waseme."

"Ni wangu, Namalwa."

"Basi mshike."

Alifungua mdomo. Mtoto alikuwa anamtazama. Akachukua shoka, akatoka kwenda kupasua kuni.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi na moja Bwana Nyasi alipomkuta peke yake anasugua bawa. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani.

"Nika. Ile siku. Ile siku iko kitu."

Wepukhulu aliendelea kusugua. "Iko, Bwana."

"Hapana nyasi."

"Si nyasi."

"Iko wapi sasa?"

Wepukhulu aliweka kitambaa ndani ya debe, akatangulia. Walitembea mpaka kwenye muwati uliopinda. Udongo ulikuwa umeshaota majani. Bwana Nyasi alivua kofia, akasimama kama mtu aliyetumwa mahali akasahau ujumbe.

"Mimi iliona yeye," alisema. "Yeye iliinuka. Pahali ya moto, ya kupika chai. Mimi iko chini sana, Nika. Mimi iliona macho."

Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, kinachotembea kwa magongo, lakini Wepukhulu hakuhitaji tafsiri. Upepo ulipita kwenye miwati. Baadaye yule kijana akauliza, "Wewe nataka nini?"

"Siku nne, Bwana. Niende nyumbani, wazee wanioshe, nikashike mtoto wangu."

"Mtoto iko?"

"Iko. Wiki tisa."

"Na wewe bado shika?"

"Bado."

Bwana Nyasi alimtazama, na uso wake ukawa wa mtu mzima kabisa. "Alhamisi mimi rudi, mimi andika cheti. Mkubwa napiga muhuri. Siku nne. Hapana, siku kumi." Akageuza kofia mikononi. "Hawa wazee yako. Naweza osha Mzungu?"

"Wewe, Bwana, itabidi kondoo wawili. Bwana Pilipili, ng'ombe mzima."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika mti. Kisha akavaa kofia, akaenda.

Hapa ndipo Wepukhulu alipokosea, kama alikosea. Safari ilikuwa kesho alfajiri. Angeweza kumfuata akamwambia, Bwana, andika sasa hivi, muhuri utapigwa baadaye. Maneno yalikuwa ulimini. Lakini kumwambia mtu anayekwenda vitani "andika kabisa kabla hujaondoka" ni kumwambia usoni kwamba hatarudi. Wepukhulu alikuwa mtu aliyelelewa. Alinyamaza.

Alhamisi ziliondoka ndege nne, kulipiga ghala la petroli la Mtaliano ng'ambo ya mpaka. Bwana Nyasi alitangulia. Wepukhulu alijiinua kwa vidole vya miguu mpaka magurudumu yote manane yakapita miwati. Saa tisa hakuja mtu. Saa kumi hakuja mtu. Kimeli alikaa juu ya pipa akatafuna jani. Ilipokaribia saa kumi na moja zikatokea mbili, moja ikiyumba, injini inakohoa kama mzee wa tumbaku.

Hakuna hata moja iliyokuwa ya Bwana Nyasi.

Sajini aliyasikia kwa marubani waliorudi, akawaeleza mafundi, na shingo yake siku hiyo haikuwa nyekundu. Waliingia bondeni chini kuliko miti, mmoja nyuma ya mwingine. Mtaliano alikuwa anawangoja safari hii, mizinga midogo imepangwa pande zote mbili za ghala. Bwana Nyasi hakupanda juu. Alikwenda moja kwa moja, akatupa mabomu yake, na papo hapo akapigwa, yeye na ndege na Mrefu na Pilipili wakawa moto mmoja. Wa pili aliangukia mtoni. Wa tatu hakuwa na nafasi ya kukwepa. Alipita ndani ya ule moto, akatokea upande wa pili akiwa kipofu kwa masizi, huku akisikia vitu vinagonga kwenye pua ya ndege.

Ndege hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa inakohoa.

"Nika," alisema Sajini, bila kumtazama. "Rejeta."

Wepukhulu alitandaza gunia, akalala chali. Kimeli alikuja akakaa karibu na miguu yake bila kuitwa. Mkono uliingia. Siku ile hakikutoka kitu cha Habeshi. Kilitoka kipande cha bati chenye rangi ya kijani, kimekunjika kama jani, na upande mmoja kilikuwa bado kinang'aa, maana siku iliyotangulia alikuwa amekisugua mwenyewe. Halafu vikatoka vitu vingine. Hivyo hakumwambia mtu, hata alipozeeka, na hapa havitaandikwa.

Alifanya kazi yake mpaka vibati vyote vya rejeta vikawa safi. Kisha akaenda kwenye muwati uliopinda, akachimba kwa mikono, akawazika karibu na yule mama wa chai. Wazungu waliimba wimbo wao na kupiga risasi hewani Jumapili. Kaburi lenyewe lilikuwa kule kwenye miwati, na mwenye kulijua alikuwa mmoja.

Alikwenda kwa Sajini akasema habari ya siku kumi.

"Cheti iko wapi?"

"Bwana Nyasi alisema akirudi..."

Sajini aliokota spana yake. Akarudi kwenye injini yake. Huo ukawa mwisho wa cheti.

Sasa alikuwa na damu ya pande zote mbili mikononi, na Jumapili iliyofuata hata kwenye gogo hakukaa, alisimama mbali na nyumba. Krismasi ilipofika Namalwa alifunga mzigo. Hakugombana. Alimwomba Elphas amsindikize mpaka stesheni, akapanda gari la moshi na mtoto mgongoni, akarudi kwa baba yake Lugulu. Alimwachia Wepukhulu sufuria na neno moja kwa Elphas: "Mwambie akijua anachotaka, njia anaijua."

Vita vikasonga mbele, ndege zile zikahamia kaskazini, zikaja nyingine za kufundishia vijana. Wepukhulu aliziosha nazo. Hakuna aliyemsikia tena akitania soko. Mwezi wa kumi na moja wa 1941 Mtaliano akamalizika kule Habeshi, nao watu wa kazi wakaachiliwa, kila mtu na blanketi lake.

Hakupitia Lugulu. Alikwenda kwanza kwa wazee wa kwao. Walimsikiliza, wakamsaili kila kitu alichoshika, wakamchinjia kondoo kando ya mto, wakampaka majani ya tumboni mwa yule kondoo, wakamwosha, wakamwambia anyooshe mikono. Wakaitemea mate ya baraka. Mmoja alisema, "Nenda ukale." Wepukhulu akaitazama ile mikono, akalia kama mtoto.

Ndipo akaenda kwa mkwewe. Mzee Kituyi alimpa kiti. Namalwa alisimama mlangoni, amejifuta mikono kwenye nguo. Wepukhulu alisema yote, tangu kitambaa cheupe mpaka bati la kijani, macho yake chini. Alipomaliza, Marafiki wale walinyamaza kama wanavyonyamaza kanisani kwao, kila mtu na Mungu wake.

"Ulidhani nitakucheka," alisema Mzee Kituyi mwishoni.

"Ndiyo, Baba."

"Ningekucheka. Halafu ningekupa kondoo."

Namalwa aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo. "Mwaka mzima. Ungeniambia, maji ningeleta mimi."

Nyuma ya nguo yake kulikuwa na kichwa. Nabwire alikuwa na miezi kumi na minne, ameshaota meno, anatembea. Wepukhulu alichuchumaa, akanyoosha ile mikono, safi, mitupu. Mtoto aliitazama. Akamtazama mwenye nayo. Kisha akapiga mayowe, akakimbilia kwa babu yake, akapanda mapajani mwa mzee akaficha uso. Walijaribu siku hiyo, wakajaribu kesho yake, na ndizi, na wimbo. Hakumtaka. Alikuwa amebebwa na watu wote wa Lugulu, na baba yake hakuwa mmoja wao.

Namalwa alikubali kurudi Eldoret. Walipanda gari la moshi Webuye asubuhi, mtoto ameketi upande wa dirisha, mbali na yule mwanamume. Walipopita Turbo usingizi ukamchukua. Walipofika Eldoret ilikuwa saa nane mchana, jua zuri, na Namalwa alikuwa na mizigo miwili na debe la unga. Alimtazama mumewe. Hakusema "mshike". Alimwinua tu mtoto akamweka mikononi mwake.

Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alinukia maziwa na moshi. Mdomo ulikuwa wazi, na mkono mmoja uliangukia shingoni kwa baba yake, ukabaki hapo.

Wepukhulu alianza kutembea. Alitembea kama ndege yenye mabomu, akiogopa kila shimo. Kwenye njia panda, badala ya kukata kulia kuelekea shambani, alikata kushoto.

"Njia hii ni ndefu," alisema Namalwa nyuma yake.

"Najua."

Namalwa aliweka mzigo sawasawa kichwani, akamfuata. Walizunguka uwanja wa ndege wote. Nyasi zilikuwa zimekua. Kwenye muwati uliopinda alisimama, mtoto kifuani, na midomo yake ilitikisika kidogo, pengine alikuwa anawaonyesha mtoto wale aliowazika pale. Namalwa alingoja kando. Kisha wakaendelea, polepole, polepole zaidi kila kambi ilivyokaribia.

Mlangoni Nabwire alifumbua macho. Aliuona ule uso ukiwa juu ya wake. Akalia, akanyoosha mikono kwa mama yake, naye Wepukhulu akamrudisha kwake.